Mabaki ya Safu ya Kulia

Siku redio ilipotangaza kwamba Profesa wa chuo amepata jani la kushusha lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu, watu wa mtaani waliokuwa wakiziba pua kila walipopishana na mtunza panya walianza kumpa mkono. Tena si mkono wa juujuu. Waliushika kwa mikono miwili na kumuuliza habari za nyumbani. Wiki moja nyuma walikuwa wakimwita Baba Panya, na watoto wao wakimkimbia wakipiga kelele kwamba ananuka mkojo. Sasa mwenye duka akamwita daktari. Mke wa mwenye duka, ambaye hakuwahi kumwitikia salamu, akamtolea kiti nje, akakipangusa kwa upindo wa kanga yake.

"Kaa, daktari. Hebu tueleze hao panya."

Mtunza panya akakaa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye shingo nyembamba na vidole vilivyojaa makovu ya meno, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuosha vizimba, kubadilisha maranda na kupima chakula cha panya weupe kwenye nyumba ya wanyama ya chuo. Hakuna aliyewahi kumuuliza chochote kuhusu kazi hiyo, isipokuwa kama anaoga kabla ya kurudi nyumbani. Siku hiyo alikunja mguu mmoja juu ya mwingine.

"Panya tuliwalisha mafuta mpaka damu yao ikawa nzito kama uji," alisema. "Wale waliopata jani, damu yao sasa ni kama maji ya kisima. Mimi ndiye ninayewashika. Nawajua mmoja mmoja."

Watu wakatikisa vichwa. Naye, maskini, akavimba kichwa kwa kiti cha plastiki kilichovunjika mgongo. Profesa alikuwa amesema redioni, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri na kuamka kwa wakati wake, kwamba panya waliokula mafuta pamoja na dondoo la jani, yaani kiini chake kilichokamuliwa, lehemu yao ilishuka karibu kwa nusu, na unene ukapungua. Hakumtaja mtunza panya. Mtunza panya alijitaja mwenyewe, siku ile na siku zilizofuata, kila alipoletewa kiti.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulitaja.

*

Nyumba ya panya ilikuwa chumba kirefu nyuma ya maabara, chenye taa zinazonguruma na feni iliyokuwa ikizunguka inapotaka. Vizimba vilipangwa safu mbili, panya thelathini kushoto na thelathini kulia. Kila asubuhi alipima chakula kwa kopo la maziwa ya unga. Safu ya kushoto ilipata makopo mawili ya chakula kilichojaa mafuta. Safu ya kulia ilipata makopo mawili ya chakula kile kile, kilichochanganywa dondoo la jani.

Inavyotakiwa, dondoo hupewa panya mdomoni, mmoja mmoja, kwa kijibomba, ili ijulikane nani amemeza kiasi gani. Lakini kazi hiyo inataka mtu wa kuifanya na kulipwa, na Profesa alikuwa na mambo mengine ya kulipia, kwa mfano zulia la ofisini kwake. "Changanyeni kwenye chakula," aliamuru, akaenda kupokea wageni.

Jani lenyewe lilikuwa chungu. Mtunza panya aliwahi kuonja kidogo kwa ncha ya ulimi, akashinda akitema mate. Panya wa kulia walinusa, wakaguguna kidogo ili wasife, kisha wakageuza migongo. Kila asubuhi alikuta nusu ya chakula iko palepale. Sheria ilisema mabaki yapimwe kwenye mizani, yaandikwe kwenye daftari la malisho, kisha yachomwe kwenye tanuri la taka. Siku mbili za kwanza alipima na kuandika. Siku ya tatu aliona ni dhambi kuchoma chakula cha mafuta wakati mkewe ana kuku saba wanaoparua saruji tupu. Akajaza lile kopo, akalifunika, akalitia kwenye mkoba wake.

Sasa, mtu huwezi kuandika mabaki ambayo hayakufika tanurini, maana mchoma taka naye ana daftari lake. Kwa hiyo aliandika sifuri. Yaani wamemaliza. Kesho yake sifuri, keshokutwa sifuri, siku themanini na mbili za sifuri, kwa mwandiko safi wa mtu asiye na haraka. Kuhusu zile siku mbili za kwanza, alisema panya walikuwa bado hawajazoea.

Binti wa maabara, aliyekuwa akitafuta shahada yake ya pili, aliwapima panya uzito kila Ijumaa. Wiki ya tano alisimama na panya wa kulia kiganjani, akampandisha na kumshusha.

"Mzee, hawa mbona wepesi hivi? Wanakula kweli?"

"Wanakula wote, mwanangu. Si daftari hilo hapo?"

Binti akafungua daftari. Daftari likasema wamekula. Akamtazama panya aliyekuwa mkononi mwake, mbavu zinahesabika, halafu akalitazama tena daftari, na kati ya viwili hivyo akachagua chenye mistari. Profesa alipoona uzito huo alikaribia kucheza ngoma. "Wanakula sawa na wenzao na bado wanakonda! Hii ni dawa mbili kwa chupa moja!"

Panya asiyekula mafuta hawezi kuwa na mafuta kwenye damu. Hilo halihitaji profesa. Mtunza panya wa darasa la saba alilijua, na alilijua tangu wiki ya kwanza. Alinyamaza kwanza kwa woga wa kuitwa mwizi. Baadaye alinyamaza kwa ajili ya kile kiti.

*

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na chumba kizima kilikuwa na harufu ya mafuta ya mashine na vitambaa vipya. Miaka miwili nyuma mdomo wake ulikwenda upande kwa wiki nzima na mkono wa kushoto ukalegea. Hospitali wakamwambia ni lehemu, imebana mishipa ya damu. Wakampa vidonge vyeupe vya kumeza kila jioni, wakamwonya asiache hata siku atakapojiona mzima kama chuma. Mdomo ulirudi. Mkono nao ulirudi, na fundi akaendelea kushona sare, mashela na mapazia ya watu wasiolipa kwa wakati.

Alasiri moja, miezi miwili baada ya ile habari ya redioni, mtunza panya aliingia nyumbani akamkuta anashona kitambaa cheupe. Mkasi ukaanguka chini.

"Mkasi umeanguka," alisema mumewe.

"Nimeusikia. Si una mikono? Niokotee."

Akauokota. Alipoinuka aliona chupa ya kijani pembeni ya cherehani. Kwenye karatasi yake kulikuwa na picha ya jani, picha ya moyo, na picha ya panya anayecheka.

"Hii imefikaje hapa?"

"Swali gani hilo? Dawa yenu. Kaka ndiye wakala wa mtaa mzima, ataacha kumletea dadake?"

Kaka huyo, shemeji wa mtunza panya, alikuwa amewahi kuwa wakala wa viwanja, wa mikopo na wa mafuta ya kuotesha nywele, ingawa kichwa chake mwenyewe kilikuwa kiking'aa kama sahani. Alipogundua kwamba dada yake ameolewa na mtu anayewashika panya wenyewe, alikwenda moja kwa moja kwa Profesa, na kufikia jioni ya pili alikuwa na makatoni.

"Unakunywa pamoja na vidonge?" aliuliza mtunza panya.

"Vidonge niliacha. Vinagombana na jani."

"Tangu lini?"

"Hii wiki ya saba." Alinyoosha mkono wa kulia akafunua mkebe wa vifungo. Vidonge vilikuwa humo, vimechanganyika na vifungo vya mashati. "Sikutupa. Nimeviweka hapo."

Mkasi ukaanguka tena, na safari hii mkewe aliutazama mkono wake wa kushoto kwa hasira, jinsi mtu anavyomtazama mfanyakazi mvivu.

"Rudi kwenye vidonge, mama watoto. Leo hii."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa pale juu ya rafu, mbele ya macho yao wote wawili. Akasema, "Jani halijajaribiwa kwa watu. Panya si watu."

"Ala! Leo panya si watu?" Aliachia pedali, akamgeukia. "Si wewe uliyekaa kwenye kile kiti cha dukani ukasema tumbo la panya ni kama letu? Si wewe uliyesema damu yao ni kama maji ya kisima? Usifikiri niliacha vidonge kwa maneno ya kaka. Kaka simwamini hata akiniambia leo ni Jumanne. Niliacha kwa maneno yako."

Bahati mbaya ya mumewe, au tuseme bahati nzuri, maana watu wa namna hii huokolewa na mlango, shemeji akaingia bila kubisha hodi, akinukia manukato.

"Shemeji! Nyota ya mtaa! Jumamosi Profesa anazindua dawa rasmi kwenye ukumbi wa chuo. Watakuja wakubwa, watakuja watu wa redio. Na wewe utasema."

"Mimi niseme nini?"

"Sentensi mbili tu. 'Niliwaona kwa macho yangu.' Unanyamaza kidogo, wapige makofi. Halafu, 'Walipona.' Basi, unakaa. Usiongeze la kwako, maana wewe ukiongeza unaharibu."

"Na hiki ninachoshona ni koti lako," mkewe alisema, akainua kile kitambaa cheupe. Uso wake ulilainika. "Jeupe, la kidaktari. Miaka kumi na tisa wamekuvalisha ovaroli ya kijivu iliyochanika makwapani. Jumamosi nataka wakuone."

Mshono wa mkono wa kushoto wa koti ulikuwa umepinda kama njia ya mchwa. Fundi huyu katika maisha yake hakuwahi kutoa kazi ya namna hiyo, na mume na mke waliuona wote wawili.

*

Ujasiri wa mtunza panya ulikuwa wa aina ya pembeni pembeni. Asubuhi iliyofuata aliponda kidonge kwa kijiko, akakikoroga kwenye chai ya mkewe, akaongeza sukari. Aliona amepata njia: mke atapona, mtaa utaendelea kumtolea kiti, na kopo litabaki siri yake na kuku.

Mkewe akanywa funda mbili, akakunja uso.

"Chai hii ina nini?"

"Majani mapya."

"Chungu." Akaisukuma mbali, akageukia cherehani yake.

Mtunza panya akabaki anaitazama nusu kikombe iliyobaki mezani. Aliwahi kuona mgongo uliogeuzwa hivyo, kila asubuhi, kwenye vizimba thelathini. Akachukua kikombe, akamwaga chai nje, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze akaona aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atembee haraka bila kujua anakokwenda. Alikwenda kwa Profesa.

Profesa alikuwa anasoma hotuba yake ya Jumamosi kwa sauti, akiwa amesimama juu ya zulia. Hakumwambia akae. Kwa kweli alimnyooshea kidole asimame pale pale mlangoni, palipoishia zulia, kwa sababu ya viatu vyake.

"Profesa, naomba dakika moja. Ni kuhusu panya wa kulia. Hawakula."

"Hawakula nini?"

"Chakula. Jani chungu. Waliacha nusu kila siku. Mimi nilichukua mabaki nikapeleka kwa kuku wa nyumbani, nikaandika wamemaliza. Walikonda kwa njaa, Profesa, na mafuta hawakuyala. Ndiyo maana damu yao ikawa safi."

Profesa aliweka karatasi mezani taratibu. Kwa muda mfupi, na hili lazima tumpe haki yake, uso wake ulikuwa uso wa msomi: alielewa. Alielewa yote, haraka kuliko mtu mwingine yeyote angeelewa. Kisha uso huo ukaondoka.

"Wewe bwana, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba."

"Daftari la malisho linasema nini?"

"Sifuri."

"Sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi. Sayansi ni kumbukumbu, si hadithi za watu wenye kuku. Kama ulidanganya wakati ule, nitajuaje kama hudanganyi sasa?" Alichukua tena karatasi zake. "Kuiba chakula cha utafiti ni kosa la kufukuzwa kazi. Mimi sikukusikia. Kwa wema tu, sikukusikia."

"Mke wangu anakunywa, Profesa. Ameacha vidonge vya hospitali. Mkono wake hausikii vizuri."

"Anakunywa? Vizuri. Msalimie."

Binti wa maabara alikuwa kwenye korido, amekumbatia faili. Alikuwa amesikia kila kitu, kwani mlango haukufungwa; mtunza panya alikuwa amesimama katikati yake.

"Nilijua tangu wiki ya tano," binti alisema kwa sauti ya chini.

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Na wewe mzee, mbona hukusema?"

Wakatazamana, kila mmoja akimdharau mwenzake na wote wakiwa na haki ya kufanya hivyo. Halafu binti akaingia ofisini kumpelekea Profesa picha za panya, za kuonyeshwa ukutani siku ya Jumamosi.

*

Jumamosi asubuhi mkewe alimvalisha koti. Alifunga vifungo kwa mkono wa kulia peke yake, kimoja kimoja, ulimi umetoka kidogo kando ya mdomo. Kifungo cha mwisho kikamshinda.

"Kiache wazi," alisema. "Madaktari huacha wazi."

"Mama watoto, nina neno."

"Utaniambia tukirudi. Tutachelewa, na wewe ukikaa nyuma watasema mume wangu ni mwosha vizimba."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wale wenye afya walikaa mbele, kwenye viti vyenye vitambaa, na wale waliobeba vyeti vya hospitali kwenye mifuko ya plastiki walisimama nyuma. Fundi, kwa kuwa ni mke wa nyota, alipewa kiti cha safu ya kwanza, pembeni. Ukutani ilionyeshwa picha ya panya wawili, mnene na mwembamba, na watu wakashangilia mwembamba. Profesa akazungumza nusu saa. Alishukuru wakubwa, akashukuru mababu, akamshukuru mkewe, akajishukuru kwa njia ya kuzunguka. Nje ya mlango makatoni yalipangwa tayari, na shemeji, mshereheshaji wa siku, alikuwa amevaa tai nyekundu.

"Sasa," shemeji alipaza sauti, "wasomi wamesema. Mtasikia kwa mtu aliyeishi na panya hao, akawalisha kwa mikono yake mwenyewe! Karibu, shemeji... samahani, karibu, daktari!"

Watu wakacheka na kupiga makofi. Mtunza panya akapanda jukwaani na koti lake lenye mkono uliopinda. Kipaza sauti kilikuwa kirefu kuliko yeye, na hakuna aliyekuja kukishusha, kwa hiyo alizungumza akiwa ameinua kidevu.

"Niliwaona kwa macho yangu," alisema.

Makofi, kama alivyoambiwa. Akamtafuta mkewe. Alimwona amekaa wima, anatabasamu kwa fahari, na mkono wake wa kushoto umelala mapajani kiganja juu, kama kitu alichomshikia mtu mwingine.

"Hawakula," alisema mtunza panya.

Shemeji akageuka kumtazama.

"Jani ni chungu. Hawakula. Waliacha nusu ya chakula kila siku kwa miezi mitatu. Mimi niliiba mabaki, nikawapa kuku, nikaandika kwenye daftari kwamba wamemaliza. Hawakupona kitu hao panya. Walikuwa na njaa. Anayemeza vidonge vya hospitali asiache. Nawaomba. Asiache."

Kwa pumzi moja au mbili ilionekana kana kwamba jambo fulani lingetokea. Mzee mmoja nyuma alishusha mfuko wake wa plastiki. Halafu shemeji akaruka, akakinyakua kipaza sauti.

"Mmesikia wenyewe!" alipiga kelele, jasho linamtoka kipara kizima. "Inakata hamu ya kula! Nyie mliofanya mazoezi mpaka magoti yakalia, mliojinyima sukari, panya aliwekewa chakula cha mafuta mbele yake akakataa! Mnataka ushahidi gani tena?"

Kicheko kikapasuka, kikafuatwa na makofi makubwa kuliko yote ya siku ile. Profesa naye alicheka, kwa meno tu, akamnong'oneza mlinzi jambo. Mlinzi akamshika mtunza panya kiwiko, akamteremsha kwa adabu, akamwambia sikioni kwamba Jumatatu asihangaike kuja, na koti hilo akalivulie mbali na chuo. Kwenye makatoni foleni ilikuwa imeshaanza. Wa kwanza kupangwa alikuwa yule mzee wa mfuko wa plastiki, aliyetaka chupa mbili kwa sababu ya hamu ya kula.

Mtu mmoja tu hakucheka. Fundi alisimama, akatoka kwa mlango wa pembeni bila kumtazama kaka yake. Mumewe alimkimbilia, akamshika mkono, na wakateremka ngazi pamoja, wakapita bustani iliyokauka, wakafika getini. Hapo ndipo mkewe alipouliza, akiwa anatazama mbele.

"Safu ya kulia ulikuwa unawapimia makopo mangapi?"

"Mawili."

"Kopo lile lile? Lile la nyumbani?"

"Lile lile."

"Na kwangu ulileta moja. Limejaa, maana mimi ndiye niliyekuwa nalifunua. Kila siku."

"Kila siku."

Fundi alipima kichwani, kama anavyopima kitambaa kisichotosha. Mtu huyu alikuwa amepima viuno vya mtaa mzima kwa macho, na hesabu hii haikumpa taabu.

"Basi walikula nusu. Ukumbi mzima wa watu waliosoma, na dawa yenyewe ni kopo la kuku wangu. Na mimi nilikuwa nawaambia wanawake wenzangu, nyie waume zenu wanarudi na harufu ya pombe, wangu anarudi na chakula cha kuku."

"Nisamehe."

"Mwizi ningemsamehe. Nani haibi? Ungenikalisha siku ile ya mkasi, ukaniambia, mama watoto, nimeiba, ningecheka, ningemeza kidonge changu, yakaisha. Ulininyima neno moja. Kwa ajili ya nini? Kazi?"

Mtunza panya hakuwa na sababu tena ya kudanganya. "Kazi kidogo," alisema. "Zaidi ni kile kiti cha dukani."

Mkewe aligeuka akamtazama, shingo nyembamba, koti jeupe, kifungo cha chini wazi. Alimtazama kwa dharau kamili, isiyo na haraka, ambayo mtaa mzima na chuo kizima kwa miaka kumi na tisa hawakuwahi kuifikia.

"Nipeleke hospitali," alisema. "Tangu jana usiku sioni vizuri upande huu. Na uvue hilo koti, mshono wake unanitia aibu."

Mumewe akajaribu kulivua kwa mkono mmoja, maana kwa wa pili alikuwa bado amemshika mkewe, akiogopa kumwachia. Mkewe akashusha macho kuona anahangaika na nini. Akaona vidole vyake vya kushoto ndani ya vidole vile vyenye makovu, vimebanwa mpaka vimepauka.

"Umenishika tangu saa ngapi?" aliuliza.